Mume wangu anasema Mungu amemwambia tuuze ploti. Mimi sijasikia hivyo. Naombeni ushauri

MamaOmena_Kibuye:

Bwana asifiwe wapendwa. Naandika kutoka Kisumu. Mimi huuza omena pale Kibuye, mume wangu ni seremala. Tuna ploti upande wa Mamboleo tuliyolipia pole pole kwa pesa za chama na za kazi yake. Hati ina jina lake.

Alirudi kutoka kesha akasema Bwana amesema naye: tuuze ploti, tuhamie Kitale, tuanze huduma. Pesa ziende kwa hema, jenereta na vipaza sauti. Mtumishi aliyehubiri usiku huo alimwekea mikono, akathibitisha. Saa hii uvuvi wa omena umefungwa, unajua Aprili hadi Julai kibanda changu hakina kitu cha maana, naye anasema hiyo ndiyo ishara, kwamba Mungu ameufunga mlango wa biashara ili tuondoke. Mnunuzi ameshakuja kuona ploti.

Nimefunga na kuomba, sisikii neno. Nikipiga magoti mawazo yanakimbilia karo. Hapo ndipo ninapoogopa, kwa sababu huenda ni hofu yangu tu inayonizuia kusikia. Kiongozi mmoja wa ushirika ameniambia mke mwenye maswali hufunga baraka za nyumba yake. Jamani, mume wangu si mlevi wala mlaghai. Anampenda Mungu kwa kweli. Sitaki kushindana na Mungu, na sitaki kuitikia amina kwa jambo ambalo sijui kama ni kweli. Hekima ya Mungu inatafutwaje mahali kama hapa? Na nimwambie nini baba watoto?

Jaber_wa_Yesu:

Dada, Abrahamu aliitwa, Sara akafunga mizigo. Mume ni kichwa cha nyumba. Mwombe Mungu akupe moyo wa kutii.

NyanyaLuanda:

Mwanangu, pole. Nimesoma maneno yako mara mbili.

Huyo aliyekuambia maswali hufunga baraka, mwombe akusomee Waamuzi 13. Malaika alimtokea mke wa Manoa peke yake, akampa habari za mtoto atakayezaliwa. Mama akaenda kumweleza mumewe. Manoa hakusema mke wangu anaota, wala hakusema basi tufanye hivyo. Alimwomba Mungu amrudishe yule mtu awafundishe wote wawili. Na Biblia inasema Mungu aliisikia sauti ya Manoa. Malaika akarudi! Akamtokea tena mama akiwa shambani, mama akakimbia kumwita mumewe, wakasikia pamoja.

Hilo ndilo ombi lako, mama. Mwambie mumeo: "Baba, sikatai kwamba Mungu amesema nawe. Naomba tumwombe aseme nasi sote, kwa sababu ni sote tutakaohama." Akikasirika kwa maneno hayo, hapo kuna jambo. Yakobo 3:17 inasema hekima itokayo juu ni ya amani na ya upole, iko tayari kusikiliza maneno ya watu. Neno la Mungu halitachacha likingoja hadi Agosti.

Na hiyo karo isikuonee. Kuwawaza watoto wako ukiwa magotini si ukosefu wa imani. Mtajie Mungu deni la shule kwa jina lake na kiasi chake. Yakobo 1:5 inaahidi kwamba anayepungukiwa na hekima akiomba atapewa, na kwamba Mungu hakemei. Sasa kama Mungu mwenyewe hamkemei anayeuliza, kiongozi wa ushirika anakukemea kwa mamlaka gani?

Fundi_Nyalenda:

Nyanya amesema yote. Mimi naongeza kuhusu ishara tu. Uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka ili samaki wazaane, kisha unafunguliwa Agosti. Kama ni mlango umefungwa, basi umefungiwa wauzaji wote kuanzia Dunga hadi Usenge, nao hawajaitwa Kitale.

Tena mimi ni mwanamume, naijua hali ya mtu wa kazi za mkono kukaa bila oda. Unatamani sana Mungu aseme kitu. Mhurumie, usimwaibishe mbele ya watoto.

Jaber_wa_Yesu:

Kwa hiyo unabii tuutupe?

NyanyaLuanda:

Hapana, mwanangu. 1 Wathesalonike 5 inasema tusitweze unabii, na papo hapo inasema tujaribu mambo yote, tulishike lililo jema. Kisha soma 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu kutoka Yuda aliagizwa asile wala asinywe Betheli. Nabii mzee akamwambia malaika amebadilisha maagizo, naye alikuwa anamdanganya. Yule mtu wa Mungu akaamini bila kurudi kuuliza kwa aliyemtuma, akala, na simba akamwua njiani.

Rafiki_Kaimosi:

Huku kwetu Kaimosi kanisa la Marafiki, yaani Quakers, limekuwepo tangu 1902. Katika desturi yetu jambo zito halipigiwi kura. Watu hukaa kimya mbele za Mungu, na kama hawajapata umoja, jambo linaahirishwa. Tafuteni wazee wawili watatu wasio na faida katika mauzo hayo wala katika hiyo huduma, mkae nao nyote wawili. Huyo mtumishi wa kesha, je, anawajua? Ameshaona watoto wenu?

Karani_Milimani:

Dada, hati kuwa na jina lake peke yake si mwisho wa habari. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka mali ya ndoa isiuzwe bila idhini ya mwenzi. Usisaini karatasi yoyote huku ukisukumwa. Nimesema tu ujue, usiende kumtishia nayo.

MamaOmena_Kibuye:

Asanteni sana. Nyanya, nimelia kidogo nikisoma habari za Manoa. Rafiki, mtumishi hatujui, alikuja kwa usiku huo mmoja.

Nimemsomea baba watoto Waamuzi 13 baada ya chakula. Amenyamaza muda mrefu, kisha akauliza tumwendee nani. Nimemtaja mzee mmoja wa kanisa alikobatizwa, yule aliyemfundisha useremala. Amekubali twende Jumatatu, kwa sababu Jumapili ndiyo soko. Mnunuzi amempigia simu, naye baba watoto akamwambia angoje.