Mjadala: Mtoto aliyeshikwa kwa kosa dogo wakati wa korona, kumrudisha nyumbani kulitosha?

Afisa wa watoto wa kujitolea, Huruma:

Naanza na msimamo wangu, kisha mnipinge. Mtoto wa miaka 15 aliyeiba kitu kidogo hafai kulala rumande, pawe na ugonjwa au pasiwe nao. Lakini tulichofanya Nairobi mwaka wa 2020, kumfungulia mlango wa seli na kumwambia aende kwao, mimi siwezi kukiita kumwepusha na mahakama, yaani kumaliza kosa lake nje ya mahakama kwa masharti na uangalizi. Tulimwacha tu.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Kisa cha kwanza kilitangazwa tarehe 13 Machi. Siku tatu baadaye shule zimefungwa, na Jaji Mkuu wa wakati ule, David Maraga, amepunguza shughuli za mahakama. Tarehe 27 kafyu ikaingia, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Ofisi nyingi zikawa za kupigiwa simu.

Mwezi wa Mei nilikabidhiwa kijana aliyeshikwa Juja Road na saidmira mbili, vile vioo vya pembeni vya gari, ndani ya sweta. Alikiri mwenyewe, mamake akiwa pale. Masharti yakawa mepesi: asitoke nje usiku, na afisa wa serikali atampigia simu mara mbili kwa wiki. Wiki ya pili namba haipatikani. Nikapanda hadi ghorofa ya tano. Nilimkuta amembeba mdogo wake mgongoni, sufuria imefunikwa kifudifudi juu ya jiko. Simu ya mama ilikuwa kwa mwenye duka, rehani ya unga pakiti mbili. Mama alikuwa akifua nguo za watu Eastleigh, na Eastleigh ilikuwa imefungwa tangu tarehe 6 Mei. Kijana alikuwa ameanza kuleta vyuma chakavu kwa mwenye mzani kando ya mto, na mwenye mzani hakuwa na haja ya kujua vimetoka wapi.

Simlaumu afisa. Alikuwa na faili nyingi na simu moja.

Aliyemgeuza yule kijana ni mwenye gari. Nilimtafuta, dereva wa teksi, akaja amekasirika kwelikweli. Alitaka shilingi 1,800 zake na alitaka kujua kwa nini gari lake na si la mwingine. Kijana akajibu, sauti haisikiki, kwamba lilikuwa la kwanza kwenye foleni. Akaliosha kila Jumapili, Jumapili sita, dereva akiwa amekaa kwenye jiwe anamtazama. Ya tatu dereva alikuja na unga. Tangu siku hiyo naamini mtoto anahitaji mtu mzima mmoja anayemwona kwa macho, na aliyekosewa awepo. Janga jingine likija tukakosa hayo mawili, tutafanya nini tofauti na 2020?

Muuza mitumba, Gikomba:

Wewe ulipata dereva mwenye moyo. Kibanda changu kilivunjwa usiku wa kafyu, Julai mwaka huohuo. Marobota mawili ya sweta za watoto, na pesa nilikuwa nimekopa kwa chama chetu cha kuweka na kukopa. Walishikwa vijana watatu. Siku ya nne nikamwona yule mdogo wa miaka 16 akipita mbele yangu, anakula mahindi choma. Nikaenda kuuliza kituoni, nikaambiwa yuko kwenye mpango wa watoto na niende nyumbani nisipige kelele. Mpango gani huo ambao mwenye mali haitwi? Chama kilinidai mpaka Desemba. Msiniambie ni njaa. Wangu watatu walilala njaa mwaka ule na hawakuvunja kibanda cha mtu.

Mwalimu, Kariobangi:

Mama ana haki, sitamjibu juu ya hilo. Ila mnasahau kwamba shule ndiyo ilikuwa ikiwaona hawa watoto kila siku, bila hati ya mahakama. Tarehe 12 Oktoba 2020 walirudi gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne. Wengine wote walingoja hadi tarehe 4 Januari 2021. Darasa langu lilikuwa la saba: zaidi ya miezi tisa nje! Tulipofungua, madawati mawili yalikuwa wazi upande wa nyuma. Msichana mmoja alikuwa ananyonyesha. Mvulana mmoja nilimpata mjengoni Ruai akibeba mawe, na alinisalimia kama mtu mzima mwenzangu.

Kazi Mtaani, vile vibarua vya serikali vya kusafisha mitaa, ilipokuja iliwachukua wa miaka 18 hadi 35. Wa miaka 15 hakuwa na shule wala kibarua halali. Tulitaka akae wapi?

Wakili:

Kwa kifupi, kwa sababu naona sheria inachanganywa. Mwaka wa 2020 tulikuwa bado chini ya Sheria ya Watoto ya 2001, ambayo haikuueleza mpango huu wa kumwepusha mtoto na mahakama hatua kwa hatua. Ya 2022 inaueleza. Mtoto lazima akubali kosa bila kulazimishwa, na ushahidi uwepo. Si njia ya kumaliza kesi dhaifu. Sheria hiyo pia inataka aliyekosewa apewe nafasi ya kusema. Kwa hiyo mama wa Gikomba leo angeitwa, au angepaswa kuitwa. Umri wa kuwajibika kwa jinai nao umepandishwa kutoka miaka 8 hadi 12. Na Katiba, kifungu cha 53, imesema tangu 2010 kwamba mtoto asifungiwe ila njia nyingine zikishindikana, na hata hapo kwa muda mfupi kabisa, mbali na watu wazima.

Aliyewahi kuwa ndani:

Nilikuwa na miaka 16. Nilikaa rumande ya watoto miezi minne mwaka ule kwa simu ya shilingi elfu tatu, kesi inasogezwa tu mbele. Wageni hawakuruhusiwa kuingia. Mamangu alikuwa akiacha sabuni getini na kurudi Dandora kwa miguu. Humo ndani mwenzangu alinifundisha kufungua kufuli kwa waya wa mwavuli. Hilo ndilo somo nililotoka nalo.

Mama, pole. Kama ningekuwa mimi niliyevunja kibanda chako, ningeogopa kukutazama usoni kuliko kusimama mbele ya hakimu.

Afisa wa watoto wa kujitolea, Huruma:

Mama, pole sana. Ulikosewa mara mbili, na mara ya pili ni sisi wa upande wa watoto tuliokukosea. Wakili ameeleza vizuri, lakini sheria haipandi ghorofa ya tano. Nauli yangu mwaka ule nililipa mwenyewe, matatu ya watu 14 ikibeba 8 na bei imepanda. Muda wa maongezi pia ni wangu.

Ninachopendekeza ni kila mzee wa Nyumba Kumi, yule anayeangalia usalama wa majirani, akabidhiwe watoto wawili, basi, na apewe nauli na muda wa maongezi kutoka bajeti ya serikali. Wazee hawa walijua kila mlango. Tuliwatumia kutangaza kafyu, hatukuwatumia kwa hili. Watoto waripoti kwa mzee au kwa mwalimu. Kituoni nakataa. Usiku wa tarehe 30 Machi 2020, Kiamaiko, hatua chache kutoka kwetu, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao, polisi wakisimamia kafyu. Akafa. Baada ya usiku huo ungemwambia mtoto gani wa Mathare aende kuripoti kwa askari?

Jumamosi tuna kikao cha vijana wanne ofisini kwa chifu, saa tatu asubuhi. Mama, ukiweza njoo. Hakuna atakayekuomba usamehe. Waeleze tu marobota mawili ni pesa ngapi, na chama ni nini.

Muuza mitumba, Gikomba:

Jumamosi ni siku ya soko. Nitakuja saa tatu niondoke saa nne. Na nitakuja na daftari la chama, waone kila mwezi nilivyolipa.