Raia akiripoti UFO (kitu kisichotambulika angani), jeshi lilikuwa linachunguza kweli au linatuliza watu tu?

mtazama_nyota:
Wakuu habari zenu. Nina kama wiki mbili nasoma mafaili ya Project Blue Book, ule mradi wa jeshi la anga la Marekani wa kupokea ripoti za watu walioona vitu visivyoeleweka angani, 1952 mpaka 1969, makao yake kambi ya Wright-Patterson huko Ohio. Ripoti 12,618, zilizobaki bila maelezo 701. Mimi zinazonisumbua sio hizo 701, ni zile nyingine. Kila faili lina kadi yenye viboksi vya kuweka alama: ilikuwa puto, pengine puto, huenda ikawa puto, halafu hivyohivyo kwa ndege na kwa nyota. Yaani mtu kajaza fomu kurasa na kurasa, kachora na alichokiona kwa penseli, jibu lake ni alama moja kwenye "huenda". Huo ndo uchunguzi kweli?

kifaru_77:
Inategemea unasoma mwaka gani mkuu. Mwanzoni chini ya kapteni Edward Ruppelt walifanya kazi, ndo yeye aliyelisambaza hilo neno UFO badala ya "visahani vinavyoruka". Kilichobadilisha upepo ni Julai 1952, rada za Washington zilipoonyesha vitu juu ya jiji na ndege za kivita zikarushwa. Januari 1953 CIA, shirika la ujasusi la Marekani, wakaita jopo la wanasayansi, jopo likashauri hizi habari zivuliwe ule uzito wake kwa wananchi, maana waliogopa ripoti zitaziba njia za mawasiliano siku Wasovieti wakishambulia kweli. Baada ya hapo soma mafaili utaona tofauti mwenyewe.

bint_anga:
Mi naomba niwatetee kidogo. Jeshi swali lake ni je, hii ni hatari kwa nchi? Likishajibiwa hapana, kwao imeisha, hata kama wewe uliyeona hujaridhika. Na ukweli ni kwamba sayari ya Zuhura ikiwa chini karibu na upeo wa macho inadanganya hata rubani.

mtazama_nyota:
Sawa dada, ila kama kazi ni usalama tu basi waseme hivyo, wasimwambie mtu aliona puto wakati hawana uhakika.

mzee_wa_rada:
Kijana katafute faili la Socorro, New Mexico, 24 Aprili 1964. Askari polisi Lonnie Zamora alikuwa anafukuza gari lililopita kwa kasi, akasikia mngurumo na kuona moto upande wa pili, akadhani kibanda cha baruti kimelipuka, akaacha gari la watu akaenda kuangalia. Akakuta kitu cheupe chenye umbo la yai kimesimama kwa miguu bondeni na watu wawili wamevaa nyeupe kando yake, kisha kikanguruma kikaruka. Wenzake walipofika vichaka vilikuwa bado vinafuka moshi na ardhini kuna mashimo manne. Meja Quintanilla, mkuu wa Blue Book, hakuwa mtu wa kuamini wageni wa sayari nyingine hata kidogo, lakini alikitafuta chombo hicho mpaka kwa watengenezaji wa vyombo vya kutua mwezini, hakukipata, akaliacha faili limeandikwa halijatambulika. Kwahiyo walipotaka kuchunguza waliweza, shida ni kwamba walitaka mara chache.

kifaru_77:
Na linganisha na Michigan, Machi 1966. Watu wengi wameona mataa, wakiwemo polisi, mwanaastronomia wa mradi, Hynek, kakaa siku chache tu huko kisha mbele ya waandishi akasema huenda mataa mengine ni gesi ya kinamasi tu. Watu walikasirika mpaka mbunge wa Michigan Gerald Ford akataka Bunge lihoji. Hynek mwenyewe baadaye aligeuka akawa mkosoaji mkubwa wa mradi, 1973 akafungua kituo chake cha kuchunguza UFO.

mtazama_nyota:
Asanteni sana. Mzee nimelifungua la Socorro sasa hivi, kuna mchoro wa ile alama nyekundu aliyoiona ubavuni mwa chombo. Nalisoma lote leo usiku.