Luger byf 41 au P.38 ac 43 yenye mkoba wake: nichukue ipi, na nisafisheje?

Mtu_wa_Ohio:
Wakuu habari za mchana. Niko huku Marekani, kuna muuzaji wa vitu vya vita ana bastola mbili za Kijerumani na mfuko wangu unaruhusu moja tu. Ya kwanza Luger P.08, juu ya chemba (pale risasi inapokaa) imeandikwa 41, yaani 1941, na kile kiungo cha juu kinachokunjika kama goti kimeandikwa byf. Inang'aa hatari, triga na kile kidude cha sefti (cha kuizuia isifyatuke) vina rangi ya dhahabu, haina mkoba. Ya pili P.38 ac 43, kingo za slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma) zimepauka, lakini ina mkoba mweusi wa ngozi nyuma una stempu ya gxy (alama ya mtengenezaji), shida ribiti zimeota uchafu wa kijani na ngozi imekauka. Luger imemzidi mwenzake bei. Moyo uko kwenye Luger, nishaurini. Na huo mkoba ukipakwa mafuta ya kwato za ng'ombe utarudi? Leseni zipo, kwa iyo msianze na hilo.

chuma_baridi:
Mkuu punguza mwendo kwanza. byf ni alama ya siri ya kiwanda cha Mauser, mji wa Oberndorf, hapo sawa. Ila hiyo rangi ya dhahabu ndo inanipa wasiwasi. Mauser walikuwa wanachoma vile vipande vidogo mpaka vinakuwa vya manjano, lakini mwaka 1937 walibadili namna ya kutia chuma rangi na vipande vidogo navyo vikawa vya bluu-nyeusi kama mwili wote. Sasa Luger ya 41 yenye triga ya dhahabu maana yake ni kwamba kuna mtu ameirembesha baadae ili ipendwe na watu kama wewe. Kung'aa kwenyewe ni ushahidi mwingine, angalia maandishi, kama kingo za herufi zimelainika na matundu ya pini yamekuwa mapana kidogo kwa juu basi imepigwa msasa kabla ya kupakwa upya.

Mama Rehema Kassel:
Naongezea hapo. Luger inapigwa namba kwenye kila kipande, vidogo vinabeba tarakimu mbili za mwisho. Mwombe muuzaji aifungue mbele yako usome zote, triga, bamba la pembeni, goti, mpaka pini ya kufyatulia. Na usisahau herufi ndogo iliyo chini ya namba kamili, watu wanalinganisha namba wanaacha herufi, kumbe namba ileile ilirudiwa na a, b, c. Magazini (kasha la risasi) za jeshi nazo zilipigwa namba ya bastola yake, ile ya akiba ikaongezewa alama ya +.

Halafu ukiwa Ujerumani usiweke picha za ile mihuri ya tai na swastika iliyopigwa kwenye hizi bastola mtandaoni ovyo, alama ya swastika huku ina sheria yake.

Kinyozi wa Temeke:
Mimi bastola sina na sitaki kuwa nayo ila huu uzi siuachi 😂 endeleeni

chuma_baridi:
Tuje kwenye P.38. ac ni kiwanda cha Walther wenyewe, mji wa Zella-Mehlis. Mauser nao walitengeneza P.38 kwa byf na mwishoni svw, na kiwanda cha Spreewerk wakatumia cyq. Tafuta muhuri mdogo wa tai wa mkaguzi, ya Walther inatakiwa iwe na 359 chini yake, Mauser 135, Spreewerk 88. Slaidi, fremu na mtutu viwe na namba moja na herufi moja. Kitu cha kuogopa ni zile walizoteka Warusi, zilifunguliwa zote kwa pamoja, zikachovywa rangi nyeusi nzito na kuunganishwa bila kujali namba, nyingine zina X pembeni na namba zilizochorwa kwa kalamu ya umeme. Hiyo yako kupauka kwenye kingo za slaidi ni kawaida kabisa, ndo panaposuguana na mkoba, mimi hapo ningefurahi.

Fundi Ngozi:
Mafuta ya kwato HAPANA. Ngozi kavu ukiipaka inalainika siku hiyo unafurahi, baadae inakuwa nyeusi, inanata vumbi, mkoba unapoteza umbo lake na uzi wa mishono unaoza. Sabuni ya matandiko ya farasi nayo iache, ina maji na magadi, ngozi ya miaka 80 haitaki maji. Hiyo kijani kwenye ribiti ni shaba imekutana na mafuta ya ngozi, yaani mafuta uliyotaka kuongeza ndo chakula chake. Chukua kijiti cha meno, kikwangue taratibu kikiwa kikavu kuzunguka ribiti, futa kwa kitambaa cha pamba, rudia. Brashi ya waya utachubua rangi nyeusi na hairudi. Ukiona ngozi inatoa unga mwekundu ukiigusa hiyo ishaanza kuoza, usiisugue kabisa, kuna dawa ya selulosi ndani ya spiriti wanayotumia mafundi wa makumbusho kuushika huo unga. Kama haitoi unga, vumbi tu litolewe, basi. Na kifuniko kama kimekakamaa usikilazimishe kufunga.

Mtu_wa_Ohio:
Na chuma chenyewe? Hapa nina WD-40, kuna jamaa kanambia Ballistol, mwingine nta.

chuma_baridi:
WD-40 kazi yake kufukuza maji, ukiiacha juu ya chuma muda mrefu inakaukia na kuwa utando wa kunata. Ballistol ni mafuta ya Wajerumani haohao toka 1904, nyembamba, inaingia chini ya kutu ndogo, paka, acha ilale, futa. Nta, ile iliyobuniwa British Museum, ni nzuri kwa bastola ya kuweka tu isiyoguswa, alama za vidole hazishiki kwenye chuma. Kwa hiyo mafuta kwanza, ukimaliza kutu ndo nta. Stilwaya za kusugulia sufuria weka mbali, mpauko ule ndo historia unayoilipia.

Kabla ya yote hakikisha chemba ni tupu. Usitegemee sefti ya P.38 kushusha nyundo risasi ikiwa ndani, imezeeka. Luger ndo mbaya zaidi, sehemu ya juu hata ukiitoa kwenye fremu bado inaweza kufyatua kama kuna risasi, kale kachuma ka pembeni kakibonyezwa tu.

Mama Rehema Kassel:
Na usihifadhi bastola ndani ya mkoba! Ngozi inavuta unyevu na ina asidi, miezi michache unakuta kutu imechora umbo la mkoba kwenye chuma.

Mtu_wa_Ohio:
Nimerudi. Nimemwomba afungue Luger, akasema vibao vya mpini vinapasuka hafungui. P.38 kafungua bila maneno, namba zote tatu zimekubaliana, tai wa 359 yupo, na hakuna mhuri wa kampuni iliyoingiza nchini. Nimelipia.

chuma_baridi:
Vibao vya Luger vinavunjika kweli, cha kushoto pale juu karibu na sefti, hapo hakudanganya. Ila angefungua upande wa goti tu ungesoma namba kibao. Umechukua sahihi. Na kutokuwa na mhuri ni dalili nzuri, zinazoingizwa toka 1968 lazima ziwe nao, muulize kama kuna karatasi ya askari aliyeirudisha nyumbani.

Fundi Ngozi:
Picha ya nyuma ya mkoba tafadhali, sio ya mbele. Nataka kuona kama kuna mwaka karibu na hiyo gxy.