Tupeane uzoefu: mnaoishi kwa kuuza kazi zenu za sanaa, wateja wa kudumu mliwapataje?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Nachora kwa rangi ya mafuta, huu ni mwaka wa saba. Miaka miwili iliyopita niliacha ajira, sasa nategemea brashi. Ushauri tunaopewa kila siku ni "jitangaze", basi, umeishia hapo. Naomba tuelezane yaliyotukuta wenyewe: bei ulipangaje, uliumia wapi, nani alirudi kununua tena.

Naanza mimi. Zamani bei yangu ilifuata sura ya mteja. Akija amevaa vizuri napandisha, akilalamika nashusha. Siku moja kwenye maonyesho walikutana marafiki wawili waliokwisha kununua kwangu picha za ukubwa mmoja, wakaanza kuulizana. Mmoja alikuwa amelipa karibu mara mbili ya mwenzake. Hakunigombeza. Alirudisha kadi yangu ya anwani mezani taratibu, akaondoka, na sijamwona tena.

Usiku ule nilichukua rula. Tangu hapo nazidisha urefu kwa upana, kila sentimita ya mraba ina bei yake, halafu najumlisha gharama za turubai na fremu. Picha ya sentimita 40 kwa 50 ni sentimita za mraba 2,000, hesabu imekwisha. Kapicha kadogo nakapandishia kiwango kidogo, maana kanaweza kunilia siku nzima kama kakubwa. Bei napandisha mara moja kwa mwaka, kwa wote. Tangu nifanye hivyo sijawahi kumkwepa mteja macho.

MchongaMbao
Asante kwa uzi, mkuu. Mimi ni mchongaji na kidonda changu ni galari, yaani nyumba za kuonyesha na kuuza sanaa. Wengi wenye galari huchukua asilimia 40 hadi 50 ya bei ya mauzo. Nilipokuwa mgeni niliona ni wizi, leo sioni hivyo, kwa sababu wanalipa pango, taa na mtu wa kukaa na wateja kutwa nzima. Kilichoniumiza ni kuacha kazi kumi na moja mahali bila karatasi yoyote. Nilirudi baada ya miezi minne nikakuta mlango una kufuli. Nilihangaika mpaka nikapata sita, moja ina ufa kuanzia sikioni hadi shingoni. Tano zilipotea moja kwa moja, na sikuwa na hata kipande cha karatasi cha kuonyesha kwamba zilikuwa zangu.

Sasa siachi kitu bila orodha yenye picha ya kila kazi, tarehe, bei, fungu la kila mmoja, siku ya kulipana, na nani anabeba hasara kikivunjika au kikiibiwa. Tunasaini wote wawili.

Jambo la pili, msimzunguke mwenye galari. Kuna mteja aliona kazi yangu kule, akanifuata karakana akitaka nimuuzie nusu bei "kwa kuwa hapa hakuna dalali". Nikamwambia bei ni ileile. Akanunua, na fungu la galari nikalipeleka mwenyewe. Yule mama mwenye galari alinyamaza kidogo, halafu akahamisha kazi zangu kutoka kona ya nyuma akaziweka mkabala na mlango. Ziko hapo hadi leo.

WinoNaKaratasi
Kwa wanaouza nakala za picha zao: tumieni wino wa pigimenti na karatasi isiyo na asidi, ndivyo visivyopauka haraka. Mimi nilibana matumizi, mteja akanitumia picha ya ukutani kwake, anga niliyoichora bluu imekuwa rangi ya majivu. Nilimrudishia pesa yote. Na ukiandika 1/50 kwa penseli chini ya nakala, yaani ya kwanza kati ya 50, basi ni 50 kweli. Zikiisha zimeisha, hata waombe vipi.

Rangi_Mbili
Niongezee kidogo la hakimiliki. Katika nchi nyingi anayenunua picha ananunua ile turubai tu, haki ya kuitoa nakala inabaki kwa mchoraji mpaka aiuze kwa maandishi. Mimi nilikuja kuiona picha yangu kwenye kalenda ya watu. Sasa sentensi hiyo imo kwenye kila risiti yangu, na wateja hawajawahi kuipinga. Ufaransa ilishakwenda mbali zaidi tangu 1920: kazi ikiuzwa tena, msanii anapata sehemu yake.

DaftariLangu
Mimi niliona aibu ya kuuza kwa miaka mingi, mpaka niliposoma habari za Johanna van Gogh-Bonger. Mchoraji Vincent van Gogh alifariki 1890, mdogo wake Theo akafuata miezi sita baadaye. Johanna, mjane wa Theo, akabaki na mtoto mchanga na mamia ya picha ambazo karibu hakuna aliyezitaka. Yule mama aliandika mauzo kwenye daftari, akaazimisha picha kwa maonyesho mwaka baada ya mwaka, akachapisha barua za shemeji yake 1914, na picha nyingine alikataa kabisa kuziuza. Ile ya alizeti iliyopo National Gallery ya London aliiachia 1924, baada ya kuombwa sana.

Nami nikanunua daftari. Kila anayenunua naandika jina, picha ipi, lini, na anaitundika chumba gani. Hilo la chumba nauliza kwa sababu linanionyesha ukuta gani bado mtupu. Karibu nusu ya kazi zangu za mwaka jana zilikwenda kwa watu waliomo humo.

Mleta mada
Dada, hapo umenigusa. Unawatafuta baada ya muda gani bila kuwachosha?

DaftariLangu
Kila miezi mitatu, kaka. Picha moja ya kazi mpya na mistari miwili, kabla sijaionyesha popote. Wengi hawajibu na siwasumbui. Jana amenijibu mmoja aliyenunua mara ya mwisho miaka mitatu iliyopita: "Hiyo usimpe mtu, nakuja Jumamosi."