Mapambo, keki na kukodisha vyombo: nibaki na kipi?

SinzaMapambo
Wakuu, habari za leo. Niko kwenye shughuli za harusi hapa Dar: napamba kumbi, naoka keki, nakodisha vitambaa vya meza na stendi za maua. Kamati zinataka kifurushi kizima, nami nakubali. Sasa nataka kubaki na kitu kimoja, na naelemea kwenye keki. Nitajuaje kwamba keki ndiyo nguvu yangu kweli, na si kwamba mapambo yamenichosha tu? Halafu nikiacha kifurushi, kamati si zitanikimbia?

Daftari
Anza na daftari mkuu, moyo uje baadaye. Chukua kazi 20 za mwisho, utenganishe keki peke yake na mapambo peke yake. Kila upande andika pesa iliyoingia, toa vifaa, vibarua, usafiri na sehemu ya kodi ya stoo, kisha kinachobaki ugawanye kwa saa zote ulizotumia. Zote kweli: za kuzunguka Kariakoo kutafuta kitambaa cha rangi waliyochagua, na zile za kubandua mapambo saa 9 usiku wageni wakishaondoka. Wapambaji wengi hizo hawazihesabu.

Mfano tu wa hesabu. Mapambo ya 2,500,000, gharama 1,700,000, saa 46: kinabaki 800,000, kama 17,400 kwa saa. Keki ya 650,000, gharama 240,000, saa 16: kinabaki 410,000, kama 25,600 kwa saa. Mapambo yanaonekana makubwa kwa sababu pesa nyingi inapita mkononi. Inapita.

Ongeza safu nyingine: huyu mteja aliletwa na nini? Aliyekuja kwa kuwa alikula keki yako kwenye kichen pati ya jirani, huyo ni ushahidi. Aliyeagiza keki kwa kuwa ulikuwa tayari unampambia ukumbi hathibitishi chochote, alikuwa anaokoa simu moja. Kama wateja wako wengi wa keki ni wa aina hii ya pili, keki zako bado hazijasimama zenyewe, na ukiacha mapambo zitaondoka nayo.

FundiKeki
Hesabu ya Daftari naikubali ila ina tundu. Saa za keki huzidishi upendavyo, kwa sababu harusi zimerundikana Jumamosi. Sherehe ikianza saa 12 jioni, keki inatakiwa iwe imesimama mezani kabla ya saa 11. Mtu mmoja na msaidizi, keki mbili za ghorofa kwa Jumamosi ndiyo mwisho. Oveni haina shida, unaweza kuoka tangu Alhamisi. Kinachobana ni saa 8 mpaka saa 11, uko kwenye foleni ya Mwenge au Ubungo na boksi la keki. Kwa hiyo bei ya keki moja lazima ibebe nafasi hiyo adimu, isiwe ya unga na mayai tu.

Halafu "keki" bado ni pana. Chagua ndani yake. Krimu ya siagi inapendwa kwa ladha, lakini siagi huanza kulegea hata kabla ya nyuzi 30, na Februari na Machi mchana wa Dar hufika kama 32. Nusu siagi nusu mafuta magumu ya mboga huvumilia zaidi, ila ulimi unayatambua. Fondanti, ule unga laini wa sukari unaosukumwa kama chapati kufunika keki, inasimama vizuri kwenye joto, adui yake ni unyevu. Ikitoka kwenye friji ikakutana na hewa ya pwani inatoka jasho, inanata, na rangi nzito kama nyekundu inachuruzika. Usiifute, ukiifuta unaharibu kabisa. Iache mbele ya feni ikauke yenyewe. Nafuu zaidi ni kuitunza kwenye chumba chenye kiyoyozi, na mwulize mapema msimamizi wa ukumbi kama kiyoyozi kinaendeshwa na jenereta umeme ukikatika. Kumbi nyingine jenereta ni la taa na muziki tu.

Kuhusu kuporomoka: ghorofa ya sm 20 ikikaa juu ya ya sm 25, chomeka vijiti 5 kwenye ile ya chini. Ya sm 15 juu ya sm 20, vijiti 4. Vyote vikatwe urefu mmoja. Kimoja kikizidi milimita tatu, mzigo wote unalalia hicho na keki inaanza kuinama taratibu, kwa kawaida MC akiwa ndiyo anaita maharusi. Kila ghorofa iwe na ubao wake chini, bila hivyo vijiti vinatoboa keki ya juu. Safirisha kila ghorofa kwenye boksi lake, kwenye buti au sakafuni mwa gari. Usiweke kwenye kiti, kiti kimeinamia nyuma. Pangia ukumbini.

Ghorofa hizo tatu zinatoa vipande kama 74 vya sm 2.5 kwa 5. Wageni wakiwa 300, oka keki bapa zisizopambwa, zikatwe nyuma jikoni. Keki ndogo za wazazi wa pande zote mbili ziandike kwenye oda kwa bei yake, maana hizo ndizo huombwa Ijumaa usiku: "kwani si kadogo tu?"

MhaziniWaKamati
Hofu ya kukimbiwa na kamati imezidishwa. Bajeti ya kamati imekatwa vifungu tangu vikao vya mwanzo: ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo, keki, picha, MC, usafiri. Mwenye kitu kimoja anaingia bila shida. Kinachowachosha wajumbe ni kutafuta watu, kwa hiyo uende na majina ya wapambaji wawili watatu unaowaamini. Ila kamati iwalipe wenyewe moja kwa moja. Pesa ya mpambaji ikipitia kwako, lawama yake nayo inapitia kwako. Na kama uko kwenye kodi ya makadirio, TRA wanaangalia mauzo ghafi, hawaangalii faida. Milioni tatu za mtu mwingine zilizoingia kwenye akaunti yako zitasomeka zako. Ukipewa kamisheni, kamati ijue.

Malipo: 50% kushika tarehe, iliyobaki siku 7 kabla. Watakwambia ahadi za michango zinaingia wiki ya mwisho, na ni kweli. "Tutamalizia baada ya sherehe" usikubali. Baada ya sherehe kuna kikao cha kuvunja kamati, na ikishavunjwa huna wa kumdai. Mwenyekiti alikuwa mjomba wa bwana harusi, amesharudi mkoani. Keki isiyolipwa yote isitoke jikoni.

SinzaMapambo
Asanteni sana. Vitambaa na stendi niviuze? Na mabadiliko niyafanye lini?

Daftari
Usiuze bado. Wakodishie wapambaji wenzako, wewe usipande ngazi tena. Chukua amana, hesabuni pamoja wakati wa kutoa na wakati wa kupokea, na uvikunjue vitambaa mbele ya aliyekodi: doa la nta au mafuta ya pilau likigundulika kesho yake ni lako. Visipotoka kwa miezi sita hivi, hapo uza.

Muda mzuri ni Kwaresma na Ramadhani, harusi zinapopungua. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ni 18 Februari na Ramadhani inaanza wiki hiyohiyo, Pasaka 5 Aprili, kwa hiyo ukame wa makundi yote mawili umeangukia pamoja. Tumia wiki hizo kujaribu krimu na fondanti kwenye joto lenyewe, na uchukue oda ndogo za Idi na za ubatizo wa Pasaka. Tarehe za mapambo ulizokwisha kupokea malipo ya awali pamba mwenyewe mpaka ya mwisho, hata kama ni Desemba.