"Quick" ina maana ngapi? Mwanafunzi wangu ameandika "wepesi na wafu"

Swali: Mwalimu wa Kidato cha Tatu, Morogoro

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha Kiingereza, na wiki iliyopita niliwapa wanafunzi wangu sentensi nne za kufasiri, zote zenye neno "quick", nikidhani nimewapa kazi ya kupumzikia. Ya kwanza ilikuwa na yale maneno ya kanisani, "the quick and the dead". Ya pili ilimhusu msichana aliyeng'ata kucha zake "to the quick". Ya tatu ilikuwa "a quick question". Na ya nne ilimtaja mzee aliyekuwa "quick to anger".

Mwanafunzi mmoja, ambaye kwa kawaida ni hodari, aliandika kwamba Bwana atakuja kuwahukumu wepesi na wafu, kwamba msichana aling'ata kucha hadi haraka, kwamba mtu fulani alikuwa na swali la haraka, na kwamba mzee alikuwa mwepesi wa hasira. Nilimpa alama kwa sentensi mbili za mwisho na kuzikata mbili za mwanzo kwa kalamu nyekundu. Alinifuata mezani akiwa ameshikilia kamusi ya shule kwa kidole kwenye ukurasa wenyewe, akaniuliza ni wapi palipoandikwa kwamba neno hilo lina uhusiano na uhai. Hapakuwa popote. Nilimjibu kwamba ndivyo lugha ilivyo, na tangu siku ile jibu langu linanikera mwenyewe. Naomba mwenye ujuzi anieleze jinsi neno la upesi lilivyoingia kwenye uhai na kwenye kucha.

Jibu la 1: Mfasiri, Mombasa

Mwalimu, safari yenyewe ilikwenda kinyume na unavyodhani, kwa sababu neno hili lilianzia kwenye uhai na ndipo likafika kwenye upesi. Katika Kiingereza cha kale liliandikwa "cwic" na maana yake ilikuwa kitu kilicho hai, kisichokufa; ni ndugu wa mbali wa neno la Kilatini "vivus". Kilicho hai hujongea, hushtuka kikiguswa, huitika kikiitwa, na kwa njia hiyo neno likasogea polepole kutoka kwenye uhai hadi kwenye uchangamfu, na kutoka uchangamfu hadi mwendo. Kufikia mwisho wa karne ya 14 maana ya upesi ilikuwa imekwisha kuota mizizi, lakini ile ya kwanza haikufukuzwa nyumbani.

Ndiyo maana Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema katika Waebrania 4:12 kwamba neno la Mungu ni "quick", na Biblia yetu ya Union Version inasema neno hilo "li hai". Hapo msomaji hapotei sana, kwa kuwa neno lenye upesi nalo linaweza kuleta maana ya namna fulani. Penye mtego mbaya zaidi ni Zaburi 55:15, ambapo mtunzi anaomba adui zake washuke kuzimu "quick". Msomaji wa leo huwaona wakitimua mbio, ilhali maana ni kwamba washuke wangali hai, ardhi iwameze kama ilivyowameza Kora na wenzake katika kitabu cha Hesabu.

Kuhusu kucha, sehemu tunayoikata haina uhai, na ndiyo sababu mkasi hauumi. Chini yake ipo nyama laini ya rangi ya waridi ambayo ukiigusa kwa wembe utaruka kutoka kitini, na Waingereza wameiita nyama hiyo kwa jina la uhai wake. Msichana wako, basi, aling'ata kucha hadi akafika kwenye nyama. Maneno yakimfika mtu hapo kwenye nyama, Mwingereza husema yamemkata "to the quick". Sisi tunasema yamemkata maini, na sioni haja ya kutafuta tafsiri nyingine.

Halafu yapo maneno ambatani. Zebaki huitwa "quicksilver", yaani fedha iliyo hai, jina lililofuata Kilatini neno kwa neno. Aliyewahi kumwona mchimbaji mdogo wa dhahabu kule Geita akiimimina kwenye beseni hahitaji kuelezwa sababu: tone moja likidondoka pembeni hupasuka likawa vitone kadhaa vinavyokimbizana, kisha vikikutana humezana na kuwa tone moja tena, na wala hakuna mkono uliovigusa. Ni sumu, lakini ina tabia ya kitu chenye roho. Chokaa iliyotoka tanurini kabla haijaloweshwa nayo huitwa "quicklime". Hapa pwani tunaipata kwa kuchoma matumbawe, na kila fundi anajua kwamba ukiimwagia maji hutokota na kutoa mvuke bila kuwekewa moto. Ua uliopandwa kwa miti inayoendelea kuota, kama ua wa minyaa, ni "quickset". Leo, hata hivyo, nje ya maandiko ya kale na maneno ambatani kama hayo, maana ya uhai haitumiki tena.

Jibu la 2: Mkunga, Dodoma

Ndugu Mfasiri, nakubaliana nawe isipokuwa kwa sentensi yako ya mwisho. Vitabu tulivyosomea ukunga bado vinaitumia maana hiyo kila siku. Neno "quickening" kwetu ni ile mara ya kwanza mama anapohisi mtoto akicheza tumboni, jambo ambalo kwa kawaida hutokea kati ya wiki ya 16 na ya 20, na mwenye mimba ya kwanza huchelewa kulitambua kwa sababu hajui anachokisubiri. Mama mmoja kliniki aliniambia alidhani ni gesi, mpaka gesi hiyo ilipoanza kumpiga teke kila alipolalia ubavu wa kushoto.

Nilipokuwa chuoni nililiandika neno hili daftarini kuwa ni mtoto kuongeza kasi ya kukua, na nilikaa na kosa hilo muhula mzima. Naongeza kwamba zamani huko Uingereza maisha ya mtu yaliweza kutegemea neno hili. Mwanamke aliyehukumiwa kunyongwa aliruhusiwa kusema kwamba ana mimba, na jopo la wanawake wenzake lilimkagua. Wakithibitisha kwamba alikuwa "quick with child", yaani mtoto amekwisha kuanza kucheza, adhabu iliahirishwa hadi ajifungue. Sheria yao ya mwaka 1803 nayo ilitenganisha utoaji mimba wa kabla na wa baada ya mtoto kuanza kucheza, tofauti iliyoondolewa mwaka 1837. Mkalimani ambaye angetafsiri hapo kwamba mama ana mtoto mwepesi angekuwa amefanya jambo la kutisha.

Jibu la 3: Muuza vitambaa, Tanga

Mimi si mtaalamu wa lugha, ila nina kisa kinachokaribiana. Kijana niliyemwajiri alifungua mzigo wa vitambaa ulioandikwa "fast colours", na kwa kuwa shuleni alifundishwa kwamba "fast" ni haraka, aliwatahadharisha wateja kwa uaminifu mkubwa kwamba rangi ya vitambaa hivyo hutoka upesi. Kumbe maana ni kwamba haichuji. Niligundua siku ya tatu, baada ya kujiuliza kwa nini vitambaa vizuri vile havinunuliwi. Je, neno hilo nalo lina historia ya namna hiyo?

Jibu la 4: Mfasiri, Mombasa

Mkunga, nimekosolewa na nimekubali.

Ndugu wa Tanga, naam, "fast" ilianza kwa maana ya imara, kisichobanduka. Rangi iliyoshika, rafiki wa kushibana, mtu aliyelala fofofo, wote huelezwa kwa neno hilo, na hata kufunga saumu kumetokana na kujizuia na kushikilia imara. Aliyekimbia akishikilia mwendo bila kulegea alisemwa kwamba anakimbia kwa neno hilohilo, na hapo ndipo mbio zilipoingia. Leo maneno haya mawili yakikutana kwenye upesi hayabadilishani nafasi ovyo. "Fast" hupima kasi, kama ya basi au mwanariadha, na "quick" hutazama zaidi udogo wa muda, kama kutupa jicho, kuoga kabla ya kutoka, au kunywa chai ukiwa umesimama.

Jibu la 5: Mhariri, Dar es Salaam

Nimesoma yote, na nina shaka na alama moja ambayo Mwalimu aliitoa kwa moyo mweupe. "A quick question" si swali la haraka. Mtu akiniambia ana swali la haraka ninaacha kalamu na kusimama, kwa kuwa ninaelewa kwamba jambo lina dharura. Mwingereza anapotumia maneno yale anataka kunituliza, kwamba hatanichukulia muda, na Kiswahili chake ni "nina swali dogo tu". Zaidi ya hayo, neno letu "haraka" limebeba lawama ndani yake, na methali ya baraka inatukumbusha. Kazi iliyofanywa haraka tunaishuku, ilhali iliyofanywa upesi tunaisifu. "Quick" haina lawama hiyo peke yake, hivyo mara nyingi "upesi", "hima" au "mara moja" huwa karibu zaidi.

Na tusiwacheke Waingereza kwa wepesi na wafu. Katika Nasadiki, Wakatoliki wanakiri kwamba Bwana atakuja kuwahukumu "wazima na wafu", na nikiwa mdogo nilifarijika sana kwa sababu niliamini wanaohukumiwa ni watu wazima pekee. Neno "mzima" linabeba aliye hai, asiyeumwa, asiyepungua na asiyekuwa mtoto, wote kwa pamoja.

Muulizaji

Nawashukuru nyote, na wewe Mkunga kwa namna ya pekee, kwani mke wangu amesoma jibu lako akacheka na kusema kwamba ningemuuliza yeye ningepata jibu siku ileile. Nimelirudia daftari la kijana. Ile ya kwanza na ya pili bado ni makosa, lakini nimemwandikia pembeni kwamba alikuwa na haki ya kuuliza na kwamba kamusi ya shule imemwangusha. Ya tatu nimeifuta alama. Najua atanifuata tena mezani, na safari hii nimekwisha kuliandika jibu la "swali dogo" kwenye karatasi ndogo iliyomo ndani ya daftari lake.