Tangazo la msitu lakataliwa kwenye tivi ati ni siasa, mwaonaje?

Mwalimu wa Tudor
Habari za jioni wote. Kuna jambo limenikaa rohoni nataka nilitoe hapa. Nafundisha tuisheni watoto wa gredi ya sita, juzi mmoja kaja na simu ya babake kanionyesha katuni ya kama dakika moja na nusu hivi. Orangutanu mdogo, wale nyani wakubwa wekundu wa Borneo na Sumatra, kaingia chumbani kwa msichana avuruga kila kitu, akiona chokoleti apiga makelele, akiona shampuu ndo kabisa, msichana ataka kumfukuza. Mwisho amuuliza umekuja kufanya nini humu, ndo amweleza vile binadamu wameingia msituni kwao wakachoma miti wapande michikichi ya kukamua mawese, mamake hayuko tena. Watoto walinyamaza kimya darasa zima, na hao si watoto wa kunyamaza.

Nkaenda kuitafuta habari yake. Katuni ilitengenezwa na Greenpeace, shirika la kutetea mazingira, mwaka 2018, kisha supamaketi moja ya Uingereza, Iceland, ikaichukua iwe tangazo lake la Krismasi, sauti ni ya Emma Thompson yule mwigizaji. Kule kuna Clearcast, hao ndo wakaguzi, wanaangalia matangazo kabla stesheni kuyarusha, wakakataa kulipitisha. Sababu ni sheria ya mawasiliano ya 2003 inayokataza matangazo ya siasa kwenye tivi na redio. Watu wakakasirika mpaka wakaweka sahihi kwa malaki kwenye intaneti.

Swali langu ni hili. Chokoleti hiyohiyo yenye mawese ikitangazwa mchana kutwa, hiyo ni biashara. Mtu akisema mawese haya yanakula msitu, huyo ashakuwa mwanasiasa. Mwaona ni haki?

Mama Mahamri Majengo
Mwanangu mwalimu hujambo. Mi nakaanga mahamri na viazi karai kila siku ya Mungu, na mafuta nanunua mtungi kwa mtungi, kwa hivyo hii habari yanihusu kuliko unavyodhani. Mafuta mengi tunayopikia hapa ni mawese yanayoletwa kwa meli kutoka Malaysia na Indonesia, yanashushwa hapo bandarini yasafishwa hapahapa Mombasa, ndo yanaingia kwenye chupa yakiandikwa mafuta ya kupikia basi. 2022 Indonesia ilipofunga kuyauza nje, tangu mwisho wa Aprili mpaka karibu mwisho wa Mei, bei ilikuwa ishapanda tayari kwa ajili ya vita vya Ukraine, ikazidi, wateja wangu wengine wakaacha kabisa kununua. Hakuna tangazo hata moja nilowahi kuona la kutueleza haya mafuta yatoka wapi na kwa nini yanapanda. Naona mama akicheka na sufuria jikoni, chakula kinang'ara, watoto wanakimbilia meza. Mimi ningetaka kuambiwa. Siambiwi niache, kwa sababu siwezi kuacha, lakini niambiwe nijue.

Wakili mwanafunzi
Mwalimu nakuelewa lakini ile sheria usiitupe yote. Clearcast hawakusema katuni ni ya uongo wala kwamba yenyewe ina makosa, shida ni kwamba katuni ilitoka kwa Greenpeace, na sheria yao inatazama nani yuko nyuma ya tangazo pamoja na linasema nini. Wameiweka ili tajiri asinunue tivi nzima akauza msimamo wake. Kule hata vyama vya siasa havinunui matangazo ya tivi, vinapewa nafasi zao bure. Sasa tukumbuke sisi wakati wa uchaguzi, mwenye pesa ndo anayeonekana asubuhi mchana jioni, nani hapa anaweza kusema hiyo haitusumbui?

Pia kesi za namna hii zimekwenda mpaka mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya, na si mara moja. 2001 kuna chama cha kutetea wanyama cha Uswisi kilikataliwa tangazo la nguruwe, kikashinda. 2013 kikaja chama kingine cha Uingereza na tangazo la sokwe, kikashindwa, kura 9 kwa 8. Majaji 17 na hawakukubaliana. Kwa hivyo asije mtu hapa akasema jibu liko wazi.

Mzee wa Kizingo
Mimi sina shida na wakaguzi, shida yangu ni hiyo supamaketi. Walitangaza kwamba kufika mwisho wa 2018 bidhaa zenye jina lao hazitakuwa na mawese, muda ulipofika kuna bidhaa wakatoa jina lao badala ya kutoa mawese. Halafu 2022 alizeti ya Ukraine ilipokosekana wakayarudia. Tangazo kukataliwa kuliwapa sifa ambayo pesa yao isingenunua. Tusimwonee huruma mfanyabiashara jamani, huruma iende kwa msitu.

Mwalimu wa Tudor
Mzee shikamoo, hilo la supamaketi nakubali, sikuja kuwatetea. Wakili, hizo kura 9 kwa 8 ndo zinanipa nguvu, maana yake majaji 8 waliona kama mimi. Na ukisema sheria yamzuia tajiri, mbona tajiri mwenye kuuza mafuta haimgusi? Pesa yake yapita mlango wa biashara saa 24, wa msitu anazuiwa getini. Kama ni kuweka mizani basi muda wa hewani ugawiwe, kila tangazo la kuuza kitu kinachochafua, walioathirika nao wapewe dakika zao bure. Vyama vyapewa bure, kwa nini wao wasipewe?

Binti Mikindani
Nyote mwaongea Uingereza, mimi ni jirani wa Owino Uhuru, mtaa wa hapahapa Mombasa. Kile kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza 2007 katikati ya makazi ya watu, risasi, ile madini yenye sumu, ikaingia kwenye udongo na kwenye damu za watoto, kikaja kufungwa 2014. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi pale, mtoto wake akaugua, akaanza kelele akakamatwa na polisi, hadi akapewa tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira 2015. Mahakama ya mazingira ikaamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, ya rufaa ikafuta 2023, Mahakama ya Juu ikarudisha Desemba 2024. Hesabuni hiyo miaka.

Sasa niambieni, mwaka 2009 mtu angelipia sekunde thelathini kwenye tivi aseme moshi huu una risasi wapimeni watoto wenu, mngesema ni siasa? Kwa sababu aliyekuwa akisema mtaani ndivyo alivyoitwa, mchochezi. Katiba yetu ibara ya 42 imempa kila mtu haki ya mazingira safi, na haki hiyo utaidai vipi kama hujui hewa unayovuta ina nini. Wakili mimi naheshimu kesi zako lakini kwetu kulihitajika tangazo kama hilo, na lingetoka kwa chama cha wanaharakati, kwa sababu mwingine wa kulitoa hakuwepo.

Wakili mwanafunzi
Dada hapo sina la kupinga. Mwalimu wazo lako la dakika za bure liandike vizuri, Mamlaka ya Mawasiliano ikiitisha maoni ya wananchi tulipeleke, nitakusaidia kuliweka kisheria. Binti Mikindani nawe uje, yako ndo itasikizwa.